Saa Sita Mpaka Saa Nane

KAKA: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

FUNDI: Kisia!

KAKA: Ndugu yangu, sema haraka, siwezi kukaa na simu—

FUNDI: Kisia kwanza! Nani alikushonea suruali yenye mguu mmoja mfupi, ukaivaa kwenye harusi ya watu?

KAKA: (anacheka chinichini) Fundi! Mdogo wangu! Ni wewe?

FUNDI: Ni mimi, fundi wa ukoo mzima. Shikamoo, Kaka.

KAKA: Marahaba. Mama hajambo? Mbona laini mpya? Kuna nini?

FUNDI: Mama hajambo, miguu tu ndiyo inamsumbua. Kuna heri, usiwe na wasiwasi. Nilisema nikupigie asubuhi hii hii, maana najua uko kitandani umejinyoosha, kazi yako haianzi mpaka saa sita. Mbona unanong'ona? Na hiyo ngurumo ya nini, mnasaga unga?

KAKA: Mashine za kufulia.

FUNDI: Chumbani kwenu mna mashine kubwa hivyo? Jamani, watu wanaishi!

KAKA: Niko kazini. Nimejificha nyuma ya lundo la mashuka, msimamizi akipita nitakata. Haya, heri gani?

FUNDI: Kazini asubuhi hii? Wamekubadilishia zamu?

KAKA: Hawajabadili kitu. Sema basi.

FUNDI: Keti kwanza.

KAKA: Huku hakuna kuketi.

FUNDI: Basi shika ukuta. Kaka, niko uwanja wa ndege!

KAKA: Unampokea nani?

FUNDI: Nampokea nani! Nakuja! Huko huko kwako, kwenye hoteli yenu, tufue pamoja. Nilitaka uje kuniona mlangoni tu, paa! Halafu nikaona nisikuue bure kwa mshtuko.

FUNDI: Haloo? Mtandao huu nao! Kaka, unanisikia?

KAKA: Nakusikia. Dalali wa kazi umemlipa kwa kitu gani?

FUNDI: Ah, hayo tutayazungumza—

KAKA: Fundi. Kwa kitu gani?

FUNDI: Nimeuza cherehani.

KAKA: Cherehani ipi?

FUNDI: Kwani tuna ngapi? Ile ile. Imechukuliwa juzi. Gauni la Mama nimelimalizia kwa mkono, pindo limekwenda upande, lakini kalivaa hivyo hivyo kunisindikiza mpaka stendi. Furahi basi! Nilidhani utapiga vigelegele!

KAKA: Kwa nini hukuniuliza?

FUNDI: Nikuulize nini na wewe umesema mwenyewe? Ujumbe wako wa sauti tunao, Mama anausikiliza mpaka mimi nimeukariri. "Mama, kazi si mbaya, naingia saa sita natoka saa nane." Mshahara wote ule kwa saa mbili! Na mimi huku naiinamia cherehani mpaka shingo inakuwa ya kobe. Nikasema, mimi ni mjinga wa wapi?

KAKA: Nilisema hivyo? Sita mpaka nane?

FUNDI: Kwa mdomo wako. Mtaa mzima umesikia. Mama siku hizi wanamwita Mama Saa Mbili.

KAKA: Mungu wangu.

FUNDI: Mwenyewe anacheka, lakini linamuuma. "Mtoto anafanya kazi saa mbili, hizo nyingine zote hana nafasi ya kunipigia?"

KAKA: Fundi, nisikilize. Sita ya huku si sita ya kwetu.

FUNDI: Saa sita ni saa sita. Jua liko utosini.

KAKA: Hawahesabu kwa jua. Wanaanza kuhesabu usiku wa manane. Sita yao ni kumi na mbili yetu. Alfajiri.

FUNDI: Ehe. Na nane?

KAKA: (mtandao unakwaruza) ...ndivyo walivyo—

FUNDI: Na nane, Kaka?

KAKA: Nane ya usiku wao. Kwetu ni saa mbili usiku, watoto wameshalala.

FUNDI: Ngoja. Ngoja, nihesabu kwa vidole. (anahesabu) Kumi na nne?

KAKA: Kumi na nne.

FUNDI: Acha utani wako.

KAKA: Siku yangu ya kwanza niliambiwa sita. Nikaoga, nikapiga pasi shati, nikafika adhuhuri natabasamu. Walinikata mshahara wa wiki nzima. Toka siku hiyo nikaifukuza kichwani saa ya kwetu. Nilipomrekodia Mama ule ujumbe, iliyotoka mdomoni ilikuwa ya kwao. Sikujua hata kama nimekosea.

FUNDI: Lakini mshahara si ni ule ule?

KAKA: Ni ule ule. Unakatwa chumba, unakatwa basi la kuja kazini, unakatwa sare, ndipo naushika. Na chumba chenyewe tuko wanane, tunalala kwa zamu.

FUNDI: Hata hivyo ni mkubwa kuliko—

KAKA: Suruali moja unaishona kwa muda gani?

FUNDI: Suruali? Nikianza asubuhi, adhuhuri mtu anaivaa.

KAKA: Ukilipwa hiyo moja unanunua nini?

FUNDI: Unga wa siku mbili tatu. Mafuta, sabuni. Nikibana, na nyuzi za kesho.

KAKA: Mimi asubuhi yangu nzima inanunua kunyolewa nywele.

FUNDI: Nini?

KAKA: Kichwa kimoja. Bila ndevu.

FUNDI: Kumbe zile nywele kwenye picha uliyotuma! Na sisi tukasema Kaka kawa mtanashati, kafuga mtindo!

KAKA: Mtindo wa wapi. Tunanyoana wenyewe kwa wenyewe na wembe mmoja tunaugawana.

FUNDI: (anacheka, kisha anaacha) Kwa hiyo saa moja yako... ukiigawa... Kaka, saa yako inanunua kidogo kuliko yangu.

KAKA: Ndiyo.

FUNDI: Saa yangu mimi, kwenye kibaraza kinachovuja.

KAKA: Ndiyo, mdogo wangu.

FUNDI: Mbona hukusema?

KAKA: Ningesema nini? Mama alinitumia ujumbe analia, nikatafuta neno la kumtuliza. Ndiyo hiyo "kazi si mbaya."

(mashine zinanguruma)

KAKA: Rudi nyumbani. Toka hapo uwanjani, sasa hivi.

FUNDI: Nirudi nikashike nini? Sindano ya mkono? Dalali harudishi hata senti, tumeshapiga dole gumba kwenye mkataba. Aliyenunua cherehani keshaifunga kwenye gari, kaenda nayo mkoa mwingine. Kitambaa kimeshakatwa, Kaka, hakiungiki.

KAKA: Utapata kibarua kwa fundi mwenzako.

FUNDI: Na Mama ale nini nikisubiri? Wewe rudi basi, tuanze pamoja!

KAKA: Paspoti iko kwa bosi.

FUNDI: Si umuombe?

KAKA: Yako iko wapi?

FUNDI: Anayo dalali. Kasema atatugawia wote mlangoni pa ndege.

KAKA: Ukifika, bosi ataitaka. Usimpe.

FUNDI: Wewe ulimpa?

KAKA: Nilimpa. Nilikuwa sina pa kulala.

FUNDI: Na mimi nitalala wapi?

KAKA: Ngoja— msimamizi. Usiongee.

(hatua za viatu zinapita)

FUNDI: Kaka? Foleni inasogea.

KAKA: Kapita. Utalala kwangu. Zamu ikigongana nitakaa ngazini.

FUNDI: Naogopa, Kaka. Nimetoka nyumbani nacheka, sasa nimekumbatia begi kama mtoto.

KAKA: Na mimi naogopa. Sijui nikushike wapi kutoka huku.

FUNDI: Vocha inaisha, nasikia mlio. Unaweza kunipigia?

KAKA: Sina salio. Mpaka mwezi uishe.

FUNDI: Basi sikiliza jambo moja, maana nyumbani Mama kabaki peke yake. Kila siku jua likifika utosini anasema, "Mwanangu huyo anaingia kazini." Ikifika saa nane anafuta simu kwa kanga, anaipakata. "Keshatoka, sasa atapiga." Anakaa nayo hivyo mpaka giza. Nikimwambia ale, anasema atakula ukipiga.

KAKA: Kila siku?

FUNDI: Kila siku. Sikutaka kukuambia, nilidhani umetusahau.

KAKA: Saa hizo ndizo niko kwenye pasi kubwa. Mtu haruhusiwi hata kujikuna.

FUNDI: Sasa atatusubiri wawili.

KAKA: Usimwambie habari ya saa, Fundi. Mwache na saa mbili zake.

FUNDI: Nitamwambiaje, na dalali huyo anaita majina? Nipo! Nipo, mzee, nakuja! Kaka, nifanye nini? Niende, nibaki?

KAKA: Sijui. Haki ya Mungu, sijui.

FUNDI: Anasema nizime simu.

KAKA: Fundi, ukiambiwa sita—

FUNDI: Ni alfajiri. Nimeelewa. Kwaheri, Kaka, naitwa—

KAKA: Na Mama, mtumie neno kabla hujazima. Mwambie leo nitampigia. Nitaazima simu, nitajifungia chooni, wanikate mshahara wakitaka. Mwambie ale kwanza. Saa nane nampigia.

FUNDI: Nane ya wapi?

(mlio wa salio kuisha)

FUNDI: Kaka? Haloo? Nane ya wapi?