Msiniandike Nimehama

Sogeeni wote wawili, wanangu, na wewe Pius mdogo wangu usisimame mlangoni kama mgeni. Kalia lile sanduku la vitabu, halina cha kuvunjika. Bi Kijakazi, nakuomba usitoke. Umetupangisha chumba hiki tangu Isidori anatambaa, na haya ninayotaka kuyasema yanahitaji sikio la mtu asiye wa ukoo. Nitasema polepole kwa sababu pumzi hainitoshi. Nikinyamaza katikati msidhani nimemaliza. Ngojeni.

Najua lori liko Gerezani linapakia mbolea, na kwamba dereva amekataa kulala tena mjini. Najua Isidori ameshafunga godoro kwa kamba ili nitandikiwe juu ya magunia. Sikuulizwa, wala sina kinyongo, maana kwetu mgonjwa aliyefikia hali yangu haulizwi, anachukuliwa, na mtoto anayemwacha baba yake afie ugenini ataulizwa mpaka uzeeni alikuwa na shughuli gani kubwa kiasi hicho. Aibu hiyo naijua. Pamoja na hayo, nasema mbele ya shahidi: msinipandishe kwenye lori. Nipelekeni Upanga, hospitali, kwenye kitanda ambacho Siwema, yule muuguzi wa kifua, ameahidi kunishikia mpaka jua lizame. Nataka nifie pale. Sikilizeni sababu yangu, kisha mtafanya mtakavyo, kwa kuwa mimi sina tena mkono wa kumzuia mtu.

Mama yenu Winifrida aliugua kifua kikuu mwaka ule nchi nzima ilipokuwa inahamia vijijini. Severa ulikuwa mdogo, huenda unachokumbuka ni harufu ya dawa tu. Kliniki ilikuwa inajaribu vidonge vipya ambavyo vingefupisha matibabu. Wagonjwa wengine wangebaki na sindano za zamani, wengine wangepewa vidonge, halafu mwisho wa majaribio madaktari wangelinganisha. Walitueleza vizuri na kwa subira, sitawasingizia. Mama yenu akaangukia upande wa vidonge, akafurahi, kwa kuwa sindano zilikuwa zimemfanya achechemee. Na kweli kikohozi kilikatika. Akanenepa, akarudi kwenye cherehani yake pale barazani, akawa anagombana na wateja kama zamani, nami nikaona nyumba imepona.

Halafu viganja vikaanza kumwasha. Mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi, na macho yakageuka manjano. Tulidhani malaria, tukampa dawa ya malaria, naye akaendelea kumeza vidonge vyake kwa uaminifu kwa sababu alikuwa ameahidi kuvimaliza. Alipofika pa kushindwa kukaa akaniambia, «Baba Isidori, nipeleke nyumbani. Nataka nisalimiwe Kimatengo kabla sijafumba macho.» Nani angemkatalia neno kama hilo? Pius ulikuja na lori kama ulivyokuja leo, nikampakata njia nzima hadi Mbinga. Tulipoikaribia Njombe alihisi baridi ikimpiga usoni, akatabasamu, akasema sasa anapumua. Alifika hai. Alifia kitandani kwako, Pius, akiwa ameshikwa mikono na dada zake, tukamzika juu ya shamba la kahawa, na mahali pake ni pazuri. Kwa hayo nakushukuru mpaka leo, sikupata kukuambia.

Niliporudi mjini nilikwenda kliniki kutoa taarifa. Aliyekuwa dirishani akanipa pole, akasema atawafikishia wakubwa. Sikufikiri zaidi. Nilikuwa na madarasa ya kufundisha na watoto wa kulisha, na nilikuwa na kazi ya kuzoea kitanda kimekuwa kipana.

Kisha tukaitwa mkutano katika ukumbi wa tawi, wagonjwa na jamaa zao, balozi wetu wa nyumba kumi akiwa mbele na shati lake la mikutano. Daktari mkuu wa majaribio alikuja kutushukuru. Alisema vidonge vimeponya watu wengi, jambo ambalo ni kweli, na nyinyi mkisimulia habari zangu msije mkalificha. Halafu akasema katika kundi la vidonge hakuna hata mmoja aliyekufa kwa sababu ya dawa. Watu wakapiga makofi. Mimi nikanyoosha mkono kama mwanafunzi, nikamuuliza mke wangu yuko katika hesabu ipi. Yule bwana hakuwa na kiburi, aliinama akateta na msaidizi wake, kisha akaniangalia kwa huruma ya kweli na kunijibu: «Mwalimu, pole sana. Lakini mkeo hakufia mikononi mwetu. Hatujui kilichomuua huko. Kwetu sisi ni mtu aliyehama.»

Aliyehama. Mwaka ule kila mtu alikuwa anahama, neno hilo halikumshtua yeyote ukumbini. Nilikaa. Mimi nilisoma hesabu Makerere, na nimewafundisha watoto wa mji huu hesabu maisha yangu yote, lakini sijapata kuona hesabu iliyofanywa kwa uangalifu namna ile ikatoa jibu baya namna ile. Tazameni ilivyokuwa. Kliniki imejaa watu wa bara. Mmatengo akizidiwa anapelekwa Mbinga, Mchaga anapelekwa Kilimanjaro, na hata Mzaramo wa hapahapa ndugu zake wanamrudisha Kisarawe kwa bibi yake. Kila aliyezidiwa alipakiwa angali hai, kwa mapenzi, na ndugu wenye nia njema kama nyinyi. Waliobaki mjini kuhesabiwa ni waliokuwa wakipata nafuu. Dawa ile ilijaribiwa katika mji ambao watu wake hawafii mjini. Hakuna aliyesema uongo, wala daktari, na hiyo ndiyo sababu sikupata wa kugombana naye.

Bi Kijakazi aliliona kabla yangu bila kwenda Makerere. Unakumbuka, Bi Kijakazi, siku Pius alipokuja kumchukua Winifrida, ulisimama pale kwenye ukumbi wa nyumba hii ukatuambia nyinyi watu wa bara mgonjwa akikohoa mara mbili mshamkatia tiketi. Tulikukasirikia. Nilirudi kwa madaktari mara nyingi baada ya mkutano ule. Yule wa kwanza alihamishwa, aliyefuata akataka cheti cha daktari wa kijijini, na kijijini hapakuwa na daktari. Wa tatu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia anaweza kumwandika tu mgonjwa aliyefia wodini, macho yao yakiwa yanamtazama, damu yake imepimwa. Hakukosea. Mimi ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo.

Ngojeni kidogo. Nipe maji, Severa. Hapana, nusu tu.

Sasa vidonge hivyo vinatolewa kila mahali. Kifua kiliponishika mimi, mwaka huu, niliomba sindano za zamani, lakini zimeadimika kama sabuni, na kifua hakingoji meli. Nikameza. Nilikuwa najichunguza kila asubuhi kwenye kioo cha kunyolea, na viganja vilipoanza kuwasha nikaacha na kwenda kwa Siwema siku hiyohiyo, ila ini langu halikuwa na muda wa kungoja. Ndipo Bi Kijakazi akanikuta barazani akasema, «Mwalimu, macho yamekuwa ya Yanga, nawe umekuwa Simba maisha yako yote.» Nilicheka mpaka nikakohoa. Ndicho kicheko changu cha mwisho, na nimekupa wewe, Bi Kijakazi, hukunidai.

Kwa hiyo mnaona ninachotaka. Nataka nife mahali ambapo hawataweza kusema nimehama. Nataka wapime damu yangu na watazame macho yangu, na yule kijana wa zamu aandike amekufa, na aandike kwa nini.

Isidori, umeniuliza asubuhi, nami nikajifanya nimelala: je, mama atalala peke yake? Ni swali la haki. Dereva amekwishasema habebi maiti, magari hayana mafuta, na nikifia hapa nitazikwa Kinondoni. Ndiyo, mwanangu, mama atalala peke yake. Nimelifikiria hilo zaidi yako. Nilipoacha nafasi pale kando yake nilipima kwa kamba, nikijua urefu wangu. Nafasi hiyo isilimwe na asizikwe mtu mwingine. Iachwe hivyo, wazi, na akiuliza mtu ni ya nani, aambiwe ni ya mumewe.

Na sina hakika kwamba mfu mmoja atabadili kitu. Mtu akinipa mimi hesabu yenye mmoja tu, nitamwambia mmoja hatoshi, arudi akatafute wengine. Pengine wataniandika na kurasa zitafungwa, na vidonge vitaendelea kama kawaida. Lakini pale palipoandikwa hakuna, pataandikwa mmoja, na atakayekuja baada yao, kama atakuja, atakuwa na mahali pa kuanzia. Sina zaidi ya hapo. Sitawadanganya kwa matumaini ambayo mimi mwenyewe sina.

Severa, wewe nimekuacha mpaka sasa kwa makusudi. Unakohoa tangu Kwaresima, unajificha uani ili nisisikie, na najua kilichomo kwenye lile kopo nyuma ya jiko. Sikukatazi kumeza. Kifua kisipotibiwa kinaua, na wengi vidonge hivi vimewaponya. Huenda wewe ni miongoni mwao. Lakini viganja vikianza kuwasha, au mkojo ukigeuka rangi, usingoje Jumatatu na usimuulize mtu. Acha kumeza saa hiyohiyo, nenda kwa Siwema akupime, akupe njia nyingine. Na ukilazwa, ulazwe hapa. Asije ndugu yeyote na lori. Pius, umesikia? Sijakukataza kumpenda. Nimekukataza kumpakia.

Mali yangu mnaiona kwa kugeuza shingo. Cherehani ya mama ni ya Severa, na mikasi yake yote. Vitabu vipelekwe shuleni kwangu, ila visipokelewe na mlinzi, apewe mwalimu wa hesabu mkononi. Redio achukue Isidori, asiipandishe sauti wakati wa mpira, majirani wana wagonjwa. Shamba la kahawa ni la Pius, ndiye aliyelipalilia, na wewe Isidori uache kumwita baba yako mdogo mla kahawa. Umemwita hivyo mbele ya watu, naye akanyamaza kwa ajili yangu. Nikishaondoka hatakuwa na sababu ya kunyamaza. Mpe mkono. Si kesho. Mpe sasa.

Vizuri.

Jeneza msihangaike nalo, mbao hazipatikani. Pasueni kitanda hiki, ni mninga, kinatosha mtu mrefu. Nifunikeni shuka lile la mama yenu lenye taraza ya kijani. Padre akichelewa msimngoje juani, Bi Kijakazi ana miguu mibovu na najua hatakubali kubaki nyumbani.

Mbona mnatazamana?

Isidori, nimekuwa baba yako muda wa kutosha kujua ukimtazama baba yako mdogo namna hiyo maana yake nini. Basi. Sitapiga kelele, sitawalaani. Mkinipakia, nawaomba jambo moja: mmoja wenu arudi akawaambie. Atajibiwa kama nilivyojibiwa mimi, ataambiwa pole. Hata hivyo arudi.

Pigeni magoti, kama mnaweza, chumba ni kidogo. Mungu aliyenipa Winifrida na akamchukua, awatunze nyinyi aliowabakiza. Awape watoto watakaowazika nyinyi, sio nyinyi kuwazika wao. Severa, akupe pumzi. Isidori, akupe moyo wa kusimama palepale watu wote wakiondoka. Pius, mdogo wangu, akulipe kwa yote uliyoyabeba. Bi Kijakazi, Mola wako na wangu akuweke. Amina. Semeni amina, nisikie.

Sasa ninyanyueni. Mgongo kwanza... hivyo. Macho yangu hayaoni tena vizuri, lakini msifikiri sitajua. Huu ni wakati wa alasiri, jua liko magharibi. Tukitoka mlangoni tukishika njia ya Upanga, litanipiga shavu la kushoto. Tukishika ya Gerezani, litanipiga la kulia. Ni hesabu ya darasa la nne.

Polepole kwenye kizingiti. Bi Kijakazi, mbona unalia, shika kandambili zangu.

Hewa... ni nzuri nje. Nani anauza machungwa?

Isidori.

Isidori, mwanangu, shavu langu la kulia lina joto.