Mtu wa Safu ya Pili: Wasifu wa Mzee Anaeli Jackson Mariki (1948–2025)

Wazee wangu, shikamooni. Naitwa Kindness, binti wa Ronald, nina miaka kumi na sita. Marehemu ni babu yangu, na tangu Januari 2022 tulikuwa tunakaa hapa nyumbani wawili tu, ndiyo maana nimeambiwa nisome mimi. Nitajitahidi nisiongee sana, ingawa Babu mwenyewe alishakata tamaa na hilo.

Mzee Anaeli alizaliwa tarehe 3 Machi 1948 hapa hapa Mwika, mtoto wa nne wa Mzee Jackson na Bibi Elisifa. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, sekondari Moshi mjini, na mwaka 1973 akamaliza Chuo Kikuu Dar es Salaam, hesabu na fizikia. Akafundisha sekondari miaka kumi na moja.

Mwaka 1984 alipata kazi Ulaya, kwenye kituo cha utafiti wa ubongo, akakaa huko miaka kumi na tisa akitengeneza modeli. Yaani hivi: seli ya ubongo inakaa kimya, inawaka, inakaa kimya tena. Yeye alipima ule muda wa kimya, halafu akatunga hesabu ya kubashiri itawaka lini tena, na hesabu yenyewe inaweza kukosea kwa kiasi gani. Hicho kipande cha mwisho ndicho alikipenda. "Mtu asiyekwambia anaweza kukosea kiasi gani," alisema, "huyo anakuuzia kitu." Nilimuuliza huko Ulaya alikuwa na marafiki wangapi. Akasema, "Nilikuwa na seli mia tatu na kumi."

Alifunga ndoa na Bibi Ruth tarehe 18 Desemba 1976, wakapata Ronald na Hellen. Bibi hakwenda Ulaya, alibaki na migomba, kahawa na ng'ombe. Babu aliporudi mwaka 2003 walikuwa kama wageni, hawana cha kuongea. Akamwomba waangalie pamoja nyota moja ya upande wa kusini, ambayo inafifia na kung'aa kila baada ya miezi kama kumi na moja. Kila jioni wakishakamua walisimama uani, kila mtu akaandika namba yake ya mwanga kwenye karatasi yake, bila kuonyeshana. Halafu zinaingia kwenye daftari, safu ya Babu na safu ya Bibi. Macho ya mtu mmoja hayatoshi, kwa sababu huwezi kujua kilichofifia ni nyota au ni wewe. Bibi siku zote aliiona inang'aa kuliko Babu alivyoiona. Babu akaiingiza hiyo tofauti kwenye modeli, akaipa herufi R.

Bibi alifariki Agosti 2014. Kuanzia hapo safu ya pili inasema "hakuna mtazamaji" kwa miaka saba na miezi mitano. Nimezipitia kurasa zote.

Hesabu hiyo hiyo aliitumia kubashiri watoto wake watampigia simu lini tena. Aliniambia, "Baba yako ni nyota ya siku arobaini na moja, jumlisha au toa tisa." Baba, samahani, ila modeli ilikuwa sahihi.

Nilipokuja, safu ya pili akanipa mimi. Nilifurahi sana, nikajifundisha modeli kwenye simu mpaka chaji inaisha. Sasa hiyo hiyo simu ikaniponza. Februari 2024, jioni kumi na tisa nilimwambia naangalia kutokea upande wa jiko, kumbe nachati. Namba nilizibuni kutoka kwenye grafu yake, naongeza kidogo hapa, napunguza pale, zionekane za kweli. Akaniita.

"Kindness, namba zako na zangu zinakubaliana mno."

"Si ndiyo vizuri, Babu?"

"Mimi na bibi yako miaka thelathini na saba hatukuwahi kukubaliana hivi."

Nikalia. Akazikata zote kumi na tisa, akaandika "hakuna mtazamaji" kila mstari, taratibu. Akasema, "Sikutafuta mtu wa kukubaliana na mimi. Nilitafuta mtu wa kuangalia." Kesho yake jioni akanipa karatasi yangu kama kawaida.

Novemba 2024 Babu alipata kiharusi, akalazwa hospitali Moshi wiki tatu. Aliporudi nilikuwa namtolea kiti uani, anaangalia kwa jicho moja. Alifariki hapa nyumbani Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na mbili asubuhi. Modeli yake inasema nyota itafifia kuliko siku zote leo, tarehe 14, jumlisha au toa siku nne. Alitaka sana kuiona.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, ng'ombe mmoja na madaftari kumi na moja.

Najua wengi mnarudi Dar na Arusha leo leo. Saa moja na nusu jioni, wingu likipisha, mimi nitakuwa uani. Kwenye safu ya Babu nitaandika "hakuna mtazamaji". Sitabuni. Ya pili ni yangu. Nimechora na ya tatu, haina jina bado. Baba, kalamu ipo.

Babu, Mungu akupe pumziko. Zamu ya kuangalia nimeipokea.