Bahari ya Mama Anyesi

Ndugu waombolezaji, mimi ni Evelina, binti wa marehemu. Mama yetu, Anyesi Sila Matonya, alizaliwa Mvumi tarehe 14 Agosti 1956, mtoto wa tatu wa Mzee Sila na Mama Evodia.

Alisoma shule ya misheni hukohuko Mvumi, na mke wa daktari wa misheni akamfundisha piano. Kuanzia mwaka 1978 alifundisha muziki katika shule za msingi za Dodoma, akastaafu mwaka 2016. Wanafunzi wake mliopo hapa mnaijua rula yake. Ukikaza vidole, ilikufikia.

Mwaka 1981 alifunga ndoa na Yotham Chilewa. Jioni ya tarehe 9 Februari 1998 Baba alikuwa akirudi kutoka shambani Buigiri. Korongo lilikuwa kavu na jua linawaka, akavuka. Kumbe mvua ilishanyesha milimani. Maji yalimchukua, na mwili haukuonekana. Wazee walimwambia Mama kwamba maji yale huishia baharini.

Tangu hapo alipiga muziki wa klasiki unaohusu bahari tu, kisha akatunga wa kwake. Mwanafunzi mmoja alimuuliza, "Shikamoo mwalimu, kwani bahari ikoje?" Akajibu, "Marahaba. Ni korongo lisilo na ng'ambo, mwanangu." Sauti nzito za mkono wake wa kushoto zilitutisha sisi watoto, tukawa tunajibanza jikoni. Naye hakuumaliza muziki ule hata siku moja. Akifika pale kwenye muziki maji yanapotulia, alifunga piano. Aliniambia, "Yakitulia, Evelina, ina maana baba yako amezama."

Mwaka 2023 kiharusi kilimpooza mkono wa kulia. Ikawa mimi ndiye ninayempigia muziki wake, nami nikakatiza palepale alipokuwa akikatiza yeye. Tarehe 3 Machi 2025, nyumbani Area D, nilipokatiza alisema, "Endelea." Niliogopa sana. Nikapiga mpaka mwisho bila kugeuka, na nilipogeuka alikuwa ameshatutoka. Sijui kama aliusikia mwisho ule, wala kama ndio uliomchukua. Nayaogopa yote mawili.

Ameacha watoto wawili, Obedi na mimi, wajukuu wanne, na mdogo wake, Mama Emiliana. Mungu ampumzishe mahali pasipo na hofu. Kaburi la Baba la kumlaza kando yake hatuna.