Mtoto wa Jenesio Hajawa Mwekundu

Benchi letu linaelea. Limepigiliwa misumari kwenye baraza ya duka la Dona Zulmira, na duka lenyewe limekaa juu ya magogo mbele ya kijiji, kwa hiyo mto ukijaa tunapanda nao, ukipungua tunashuka nao, na kahawa haikosekani. Mei ile maji yalikuwa yameingia msituni hadi shingoni mwa miti, samaki wametawanyika huko ndani, na sisi wanaume kazi yetu ikawa kukaa. Tulikuwa watatu: mimi, Jaraki, aliyepewa jina la samaki wa miiba mingi kwa sababu maneno yake hayamezeki, na Mhesabu, aliyewahi kuajiriwa na watafiti miaka miwili kuwahesabu uakari, wale kima wenye upara, uso mwekundu kama pilipili na mkia wa nusu kipande. Sisi tunawaita Waingereza. Kwetu Mwingereza haliwi. Ana sura ya mtu, na mume akimla wakati mkewe ni mjamzito, mtoto anakuja kuwa na uso ule ule mwekundu. Jirani yetu Jenesio alikuwa amemla. Mtoto wake alikuwa na siku nne, na mimi ndiye niliyeombwa nimsimamie ubatizo.

Jenesio alifika na mtumbwi wake wa kasia, akaufunga. Hajakaa, Jaraki akamdaka.

— Haya, lete habari. Amekuwa mwekundu?

— Bado, akasema Jenesio. Tena leo mweupe zaidi. Anaelekea umanjano.

Tukashusha pumzi wote. Dona Zulmira akammiminia kahawa, sukari vijiko vinne, kama mtu aliyeponea chupuchupu.

— Lakini we mtu, ulimlaje? akauliza, kama vile hajauliza jana na juzi.

— Ukweni kule juu, Dona. Samaki hakuna. Shemeji kaleta mchuzi mweusi, mtamu, nikausifu. Nikaongezewa. Bakuli la pili ndiyo nikakutana na mkono.

— Mkono.

— Vidole vitano na kucha zake.

Nilikuwa nimeisikia habari hiyo kila siku, na kila akifika kwenye mkono nywele zinanisimama.

— Ukaacha? akauliza Dona Zulmira.

— Mama mkwe ananitazama, niache vipi? Nilimaliza.

— Mungu wangu. Alimaliza.

Jaraki akadakia.

— Nyama ya Mwingereza haiishii tumboni, nyie. Inatoka na jasho, inaingia kwenye bembea unayolalia, inasubiri. Mtoto akilazwa pale, inamdaka.

— Bembea nimeichoma, akasema Jenesio.

— Vizuri. Na jua?

— Mama mkwe kaja kumlea mzazi, kaziba madirisha yote. Anasema jua ndilo linaloivisha uwekundu. Tangu azaliwe hajatolewa nje.

— Mama mkwe wako ana akili kuliko wewe. Na kelele je? Maana Mwingereza ana kile kicheko chake, msitu mzima unasikia.

— Siku ya kwanza alilia sana. Jana kidogo. Leo kimya, analala tu.

— Basi imemtoka hiyo, Jaraki akapiga paja. Mweupe, mtulivu, halii. Huyo mtu kamili. Nilikwambia jana ukamwambie mkeo asiwe na wasiwasi, ulimwambia?

— Nilimwambia.

Mhesabu alikuwa anakoroga kahawa ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

— Waingereza weupe wapo, akasema.

— Wapo wapi?

— Nilikuwa nawaona. Mwekundu ndiye mzima, majike wanamgombania huyo. Ukiona uso umepauka, ujue ana malaria. Anakaa tawi lake peke yake. Wenzake wanavunja mbegu ngumu kwa meno, yeye hali. Wenzake wanacheka, yeye kimya. Mwezi unaofuata nikihesabu, simpati.

— Sasa wewe tunaongea mtoto unatuletea kima, akasema Jaraki.

— Si mmeanza nyinyi na kima?

Tukamcheka. Nakiri, na mimi nilicheka, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko ya wenzangu.

Dona Zulmira akasema yeye hamwogopei mtoto tena, anamwogopea baba. Uwekundu ukikosa pa kutokea kwa mtoto unarudi kwa aliyemla Mwingereza. Hebu tumtazame Jenesio utosini, nywele si zimepungua? Jenesio akajipapasa kichwa, uso umemshuka. Jaraki akaapa kwamba mikia mifupi huota usingizini, afadhali alalie tumbo. Ikawa sasa tunamzunguka mtu mzima tukimkagua shingo, na yeye ametulia anakaguliwa.

Hapo alikuwepo mama mmoja mgeni, mtumbwi wake wa injini umefungwa kando ya benchi. Alikuwa amesimama na dumu lake akisubiri mafuta na chumvi, na hakuna aliyemjali. Akaweka dumu chini.

— Samahanini, akasema. Huyo mtoto leo amenyonya mara ngapi?

Jaraki akanitazama. Nikamtazama Jenesio.

— Nilipotoka alikuwa amelala.

— Na jana?

Mhesabu akaweka kikombe chini taratibu, akasimama, uso wake ulivyokuwa nikaogopa kweli. Siku nne tulikuwa tumeuliza rangi ya mtoto yule asubuhi hadi jioni, na hatukuwa tumeuliza kingine chochote.

— Zahanati iko mbali? akauliza yule mama.

— Mwendo wa saa tatu, akasema Mhesabu. Kwa injini.

— Pandeni.

Tukapanda. Chumvi aliyoisubiri yule mama ilibaki kwenye kaunta. Nyumba ya Jenesio ni ng'ambo tu ya mkondo, na mkewe Oselia alisikia injini, akatoka mlangoni mtoto akiwa amefunikwa kitambaa. Hakutuuliza tumefuata nini.

— Tangu jana mchana hataki ziwa, kompadre, akaniambia, akiniita kwa jina la msimamizi wa ubatizo. Nilitaka kuja kuwaambia. Jenesio akasema nyinyi mmesema akitulia amepona.

Akainama kwenye ngazi akaninyooshea mtoto wangu wa ubatizo. Alikuwa wa njano mpaka ndani ya macho, mwepesi mno, na ndiyo kwanza nilikuwa namwona.