Bibi wa Marseille

Alhamisi ile jioni, benchi la nje ya duka la Deeqa, pale Lozells, mtaa wa wahamiaji kwa Waingereza, lilijaa mapema kuliko kawaida, na Maulid alijua kwa nini: yeye ndiye aliyewaita wenzake. Mchana Ishaka alimpigia simu kutoka Marseille, sauti imemkauka, akamwambia mama yao, yeye na kaka yake Ahmada, amefariki alfajiri, na kwamba Ahmada ameambiwa tu, "Mama hajisikii vizuri, njoo na mtoto." Ndivyo watu wa kwao wanavyofanya. Habari ya msiba haisemwi kwenye simu. Mtu anaitwa, anafika, anashikwa mikono, ndipo anaambiwa. Mazishi ni Jumamosi. Kazi ya kijiwe ilikuwa moja tu, kuhakikisha Ahmada anaondoka kesho bila kujua. Maulid alikubali haraka haraka, na sasa akimimina kahawa alijilaani kimoyomoyo.

Ahmada akatokea kituo cha basi, mchangamfu kama kawaida yake, akajibana katikati yao.

— Nimeamua, jamaa. Siendi wikendi hii.

Maulid akaweka birika chini.

— Huendi? Kwa nini?

— Kuna mvua huko. Raisa ana miaka minne, nikamfungie ndani siku mbili? Nangoja shule zifunge, twende wiki nzima, aoge baharini na bibi yake anamtazama. Ishaka namjua mie, mama akipiga chafya tu anaita ukoo mzima.

Na si kwamba Ufaransa ilikuwa ngeni kwao. Ahmada na mkewe Shemsa walishampeleka mtoto wikendi chungu nzima, lakini ni Paris tu: apande farasi wa bembea ya kuzunguka, ale keki, alale begani kwa baba, warudi. Kushuka Marseille kila mara kulionekana mbali, mtoto atachoka kwenye treni. Bibi wa watu hakuwahi kumpakata Raisa hata mara moja. Alimwona kwenye simu, basi.

Professa, Mkenya wa mtaa jirani wa Perry Barr asiyekosa jibu duniani, akadakia:

— Boss, we enda kesho. Ijumaa ndege ziko empty, juu Wafaransa wote wanatoroka kwao.

— Na treni ya kule, mon frère, mutoto hachoke, akasema Papa Lushi, Mkongo wa Lubumbashi. Inakimbia mpaka usingizi inabakia nyuma.

— Halafu hiyo mvua ya Marseille ni warm, akaongeza Professa. Watoto wanaoga nje.

— C'est vrai, ni kweli! akaitikia Papa Lushi. Serikali inaipasha moto juu kule, mbele ya kuanguka.

Ahmada akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Maulid hakucheka. Wenzake walikuwa wanadanganya kwa mapenzi, masikini.

— Nenda kesho, Ahmada, akasema. Nakuomba mie.

— We nawe! Umekuwa wakala wa ndege?

Hapo akatokea Mzee Swaran, Kalasinga wa Kisumu aliyekuja kununua muhogo kwa Deeqa. Hakuna aliyekumbuka kumpigia simu kumpa habari. Akasimama na mfuko wake, akasikiliza, akatikisa kichwa.

— Nyinyi nasumbua huyu kijana bure. Pigia mama simu. Uliza yeye mwenyewe, nataka mtoto kuja lini?

— Mzee umesema! Ahmada akatoa simu mfukoni. Nampigia hapa hapa.

Professa akainamia viatu vyake. Papa Lushi akavua kofia. Maulid akaushika ule mkono wenye simu, akaung'ang'ania.

— Usipige, ndugu yangu.

Ahmada akawatazama mmoja mmoja. Kicheko kilikuwa bado hakijamtoka usoni, kikawa kinamtoka taratibu.

— Anazikwa lini?

— Jumamosi. Baada ya adhuhuri.

Mzee Swaran akaweka mfuko chini na kukaa, machozi yanamlengalenga kwa aibu.

— Mimi nilikuwa nangoja jua, Ahmada akasema, kisha akalia kwa sauti, watu wa kituo cha basi wakimwangalia.

Maulid akamkumbatia. Alimwacha alie mpaka akapata pumzi, kisha akamwambia wataondoka kesho na mtoto, na yeye atafuatana nao hadi makaburini.

— Raisa huniuliza, Ahmada akasema. Kila tukimaliza kuongea na mama huniuliza, "Bibi anakaa ndani ya simu?" Namwambia hapana, ni mtu kama sisi, utamshika mwenyewe. Sasa nikamwambie nini?

Maulid akamgeukia Professa, na Professa akavua koti lake, akamfunika Ahmada mabegani.