Yuditha Hiza, Fundi wa Kenchi Aliyerudi Juu ya Paa

Ndugu, majirani na mafundi wenzake, mliotoka Handeni na Korogwe kuja kumsindikiza mama yetu, poleni na karibuni tumkumbuke.

Yuditha Hiza alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Vugiri, Korogwe, binti wa Mzee Hiza na Mama Rosa. Alimaliza darasa la saba mwaka 1985, akajifunza useremala kwa baba yake.

Tarehe 22 Julai 1995 alifunga ndoa na Gerald, mwashi wa Handeni. Gerald alipandisha kuta, Yuditha akapandisha kenchi, zile mbao za kubeba bati. Mungu akawajalia watoto wawili, Loveness na Isaka.

Mwaka 2017 ajali ya pikipiki ilimvunja mkono wa kushoto. Mfupa uliunga, lakini vidole havikuweza tena kushika msumari. Wenzake walimshauri afungue genge la mboga. Alilia, na genge hakufungua.

Mwaka uliofuata, akinunua mbao Korogwe, alimkuta fundi akipigilia makreti kwa bunduki ya misumari inayosukumwa na hewa ya kompresa.

"Hiyo unaishika kwa mikono mingapi?"

"Mmoja tu, mama."

Alirudi nyumbani akicheka njia nzima, na haikupita miezi mingi yeye na Gerald wakawa na ya kwao.

Kazi yake ya kwanza kwa bunduki hiyo ilikuwa kanisa la Kwedizinga. Kuta zilikuwa tayari na masika yamekaribia. Lakini mashine ilikwama kila mara, kwa sababu misumari aliichagua kwa kutazama urefu peke yake. Wazee wa kanisa wakaanza kuulizia fundi mwingine.

"Mama Loveness, tuwaachie," Gerald alimwambia.

"Niache nifike Korogwe kwanza."

Alibeba bunduki mpaka dukani kwa Hashim, muuza misumari. "Leo sinunui kwa macho," alimwambia. Wakajaribu kanda za misumari iliyounganishwa, ukanda mmoja baada ya mwingine: huu misumari yake imeinama sana, huu misumari yake minene, mpaka mmoja ukateleza wenyewe ndani. Akachukua ya inchi tatu kwa kenchi, na ile myembamba isiyopasua ubao kwa ajili ya dari. Misumari ya bati yenye raba aliwaachia wenzake wa nyundo.

Asubuhi alipanda juu, akabana ubao kwa goti, akakandamiza mdomo wa bunduki, akavuta. Ta! Msumari ukazama wote. Ta, ta, ta! Akina mama waliokuwa wakisomba maji waliweka ndoo chini wakapiga vigelegele.

"Unaweza?" Gerald aliuliza kutoka chini.

"Leta mbao, Baba Loveness. Wewe leta mbao."

Mvua ya kwanza ilikuta bati limeshafungwa. Tangu hapo aliitwa mpaka Mazingara na Kang'ata, na katika kazi zote hizo hakuna aliyeumia, maana ilipokwama alisema, "Chomoa bomba la hewa kwanza, ndipo uzibue."

Februari 2025 alianza kusumbuliwa na figo. Wodini alimsihi bintiye Loveness, "Usisahau kumwaga maji yanayojikusanya kwenye tangi la kompresa jioni." Alifariki tarehe 3 Juni 2025, hospitalini Korogwe, Gerald akiwa amemshika mkono.

Nyumba ya Bi Shamsia kule Mazingara aliiacha ina kenchi nusu. Jana Loveness alipanda na bunduki ya mama yake akaimalizia, na mlio wake ulisikika mpaka barabarani.

Ameacha mume, Gerald. Watoto, Loveness na Isaka. Na mjukuu mmoja, Upendo.

Mama Loveness, umeshuka salama. Mungu akupumzishe kwa amani.