Kiti cha Mwalimu Korongo

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka langu la ushonaji, na jioni ile benchi lilikuwa na jirani mpya: kiti cha ukumbini, miguu ya chuma, kikalio cha sponji, nilicholetewa nikivike kitambaa cha mfano. Shule binafsi tuliyosoma sisi wote wa kijiwe hiki, enzi zile ikiwa ghala la kupanga lenye bati linalovuja, sasa imepanda ghorofa na imejenga ukumbi. Imetuma ujumbe kwenye simu za wanafunzi wa zamani: mwenye mwalimu anayemkumbuka kwa wema achangie kiti kimoja, na jina la mwalimu litawekwa kwenye kibati cha shaba mgongoni mwa kiti, na chini ya jina maneno machache ya shukrani. Tulishachanga, kila mtu kwa alichojaliwa. Jina halikuwa na ubishi. Tulimchagua marehemu mwalimu wetu wa hesabu na kusoma, mama ambaye tangu utotoni tulimwita Korongo, na tulimzika mwaka jana, Mungu amrehemu. Kilichobaki ni mimi kukirudisha kiti hiki shuleni kesho asubuhi, maana ndicho kitakuwa chetu, niseme kikae wapi na kiandikwe nini. Muuza kahawa akamimina, nami nikajua hatutalala mapema.

— Mstari wa mbele, alianza Wakili. Huyu hajasomea sheria hata siku moja. Anauza viatu vya mitumba na kuvitetea kama washtakiwa. Alikuwa amekikalia kiti chenyewe, mguu juu ya mguu. — Mwalimu ni mwalimu. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Nyama imeingiaje hapo? aliuliza Wembe, kinyozi wa mlango wa pili.

— Mbele ndiko kunakoanza kugawiwa. Umewahi kuona soda ikaanzia nyuma?

— Kiti kinakunywa soda?

— Heshima, Wembe, heshima! Nyie watu wa mashine za kunyolea mnaona vichwa, hamuoni utu.

— Mimi nasema nyuma kabisa, alisema Wembe. Mwalimu Korongo alikuwa anaona hata kwa kisogo. Mkae nyuma yake mtafune kitu, yeye anaandika ubaoni, anakwambia: wewe, toa hiyo karanga mdomoni. Sasa ukimweka nyuma, ukumbi mzima anao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Nani ainame?

— Mgeni rasmi. Akitaka kumwona, ageuze shingo.

Pembeni, juu ya tairi la lori, alikaa Pancha, anaziba mpira wa baiskeli na mikono yake myeusi kama kawaida. Yeye si msemaji. Alikuwa anausikiliza mpira kwenye beseni la maji, anatafuta povu.

— Tusibishane mbele na nyuma, Wakili akaendelea, na nikaona macho yake yameshaanza kung'aa. Kiwekwe jukwaani peke yake. Kizungushiwe kamba. Asikikalie mtu mpaka kwanza ataje jedwali la saba lote, bila kukwama.

— Basi wewe hotuba zote utazisikiliza umesimama, nikamwambia.

Tukacheka. Hata muuza kahawa, ambaye huwa anacheka kwa pua tu, safari hii alifungua kinywa.

— Mimi naongeza, alisema Wembe. Chini ya sponji Fundi atie kengele. Mtu akisinzia, uzito ukilegea, inalia. Mwalimu Korongo hakutaka usingizi.

— Kengele ni utoto. Sikilizeni jambo la watu wazima. Tukiandikishe kiti kama mtu. Kiingie kwenye bodi ya shule. Kikao kikipungukiwa wajumbe, kiti kinahesabiwa.

— Na kikipinga hoja?

— Kitanyamaza. Wajumbe wengi ndivyo wanavyopinga.

Nakiri nilicheka mpaka sindano ikaniponyoka, na nakiri pia kwamba moyoni sikuwa nao sana. Nilikuwa nawaza kitambaa. Mwenye shule akiupenda mfano huu, nitashona viti vya ukumbi wote, na msimu mzima cherehani yangu isipumzike. Niliomba tu tumalize kwa amani, tuandike neno zuri, nikapokewe kwa tabasamu. Binadamu ndivyo tulivyo: unakwenda kumshukuru marehemu, huku jicho moja liko kwenye riziki.

— Mwanangu hatakikalia, alisema Pancha.

Alisema bila kuinua kichwa. Wembe akaweka kikombe chini.

— Kwa nini asikikalie?

— Ada ya pale siiwezi. Mnajua. Anasoma huku nyuma, shule ya wote. Kila asubuhi tunapita ule ukuta, ananiuliza, baba, si ndipo uliposoma? Namwambia ndiyo. Sasa nimechangia ukumbi ambao mwanangu ataujua kwa nje.

— Umemchangia mwalimu, hukuichangia shule, alisema Wakili.

— Ndiyo nakuuliza wewe, Wakili. Pesa nimempa nani?

— Mwalimu.

— Mwalimu yuko kaburini. Aliyepokea ni karani.

Wakili akafikiri, akanywa kahawa, akasema kwa sauti ya hukumu:

— Wahenga walishasema. Asiyekuwepo na lake halipo.

— Hebu acha! nikamkemea. Huwezi kumsemea hivyo marehemu.

— Basi aliye juu mngoje chini. Yeye yuko juu, kiti kiko chini. Tatizo liko wapi?

Pancha alikuwa ameutoa mpira majini na kuuacha mapajani unachuruzika.

— Nyie mlikuwa mnajua kusoma, alisema. Mimi nilirudishwa darasa, nikarudishwa tena, nikawa mrefu kuliko dawati. Mama yangu alishaniandalia jembe. Mwalimu akaniambia, wewe jioni baki. Wenzangu wanakwenda kucheza, mimi naye tunabaki na kipande cha gazeti lililofungiwa sabuni. Soma hapa. Soma tena. Hakuambiwa na shule, na shule haikumlipa kwa hilo. Siku niliyosoma mstari mzima, alienda dirishani akajifanya anatazama mvua. Mvua haikuwepo. Mimi nataka kumlipa yule. Lakini pesa ikishatoka mkononi mwangu, sijui inaangukia wapi.

Nilitaka kumjibu kwamba Mungu huandika nia ya mtoaji hata sadaka ikipotea njiani. Naliamini hilo. Lakini nilijiona nalisema ili anyamaze, nisikose kazi, nikaona haya, nikameza.

Hapo ndipo akafika mwanamke kijana na mfuko wa nguo. Simjui, ila sare ya kitambaa cha shule naijua: ni mwalimu wa pale pale.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Karibu.

— Naomba uniachilie mishono ya pembeni, Fundi. Magauni yote mawili. Yameanza kunibana.

Nikachukua futi yangu. Sikuhitaji kuuliza. Nguo ilikuwa imebana pale ambapo mtoto huanza kuomba nafasi. Nikamwambia hongera kwa sauti ndogo, akainamisha macho akatabasamu, akaegemea fremu ya mlango wakati natafuta mshono.

— Mwalimu umekuja kama umetumwa, Wembe akamdaka. Hebu tuamulie. Hiki ni kiti cha mwalimu wetu. Kiende mstari wa mbele au wa nyuma?

— Mwalimu gani huyo?

— Aa, hukumkuta. Alistaafu zamani. Sisi tulimwita Korongo.

— Korongo? Kwa nini?

Kumwuliza Wembe swali kama hilo ni kumfungulia mlango. Aliruka kutoka benchini, akajibandika mgongo ukutani, akasimama kwa mguu mmoja, unyayo wa mguu wa pili kaubandika kwenye goti, kikombe cha kahawa akakishika mbele ya uso kama kitabu.

— Hivi! Kipindi kizima! Saba mara sita, watoto! Akichoka huu, anabadili huu. Na viatu kavivua, kavipanga chini ya ubao!

Alimpatia hasa. Ile shingo ndefu, ile midomo. Wakili alipiga makofi, mimi nilifuta machozi kwa gauni la mteja, Mungu anisamehe. Pancha mwenyewe alitabasamu. Tulimwona mama yetu tena pale ukutani.

Yule binti hakucheka. Alimtazama Wembe kuanzia unyayo kwenda juu, akauliza, wala si kwa ukali:

— Kwani hakuwa na kiti?

Wembe akabaki kwa mguu mmoja, kisha akaushusha ule wa pili polepole.

— Kiti kilikuwepo, alisema Wakili.

— Kilikuwa wapi?

— Kilikuwa... Si pale mbele? Meza ilikuwepo. Kwenye kona, na boksi la chaki. Na kiti... Wembe, kiti kilikuwa upande gani?

— Mimi nilikaa karibu na mlango, alisema Wembe. Wewe ndiye ulikuwa mbele.

Wakili akanigeukia mimi. Nikafumba macho nikalitafuta lile darasa. Nikaiona ramani, ndoo ya maji, ufa kwenye saruji uliofanana na mjusi. Nikamwona yeye, amesimama. Nikamtafuta asubuhi, amesimama. Mchana, joto la bati, anasahihisha madaftari juu ya kizingiti cha dirisha, amesimama.

— Hata jioni, alisema Pancha. Tuko wawili tu darasani, na madawati yote matupu. Mimi nimekaa. Yeye yuko juu yangu hivi, kaegemea dawati kwa mkono.

— Hata sasa hakuna, alisema yule binti. Ni utaratibu wa shule. Darasani hakuwekwi kiti cha mwalimu. Wanasema mwalimu akikaa, mzazi analipia usingizi. Mwenye shule hupita madirishani kuangalia. Viti viko ofisini, lakini vipindi vinafuatana. — Kisha akashtuka, kama mtu aliyesikia mlango. — Sisemi kwa ubaya. Kazi naipenda, na watoto nawapenda. Tafadhali msiseme mmesikia kwangu.

Wakili aliinuka kwenye kile kiti. Akatoa leso mfukoni, akakipangusa, kikalio na kiegemeo, kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona kwenye viatu vyake.

— Karibu, mama.

— Hapana, cha maonyesho hicho. Nitakichafua.

— Kichafue.

Akakaa. Alikaa kidogo kidogo, mkono nyuma ya kiuno, na alipofika akatoa pumzi ambayo sidhani alijua tumeisikia. Akafumba macho. Sisi wanaume tukatazama barabara, kama mnavyomwachia nafasi mtu anayesali. Nilishona pembeni zile pole pole kuliko ilivyohitajika.

Alipokwisha kuaga na kwenda zake, kahawa ilikuwa imepoa vikombeni na hakuna aliyedai nyingine.

— Kiti kisiende ukumbini, alisema Pancha. Kiende darasani.

— Tangazo limesema ukumbi, Wakili alisema, lakini bila ile sauti yake.

— Tangazo limesema kumkumbuka mwalimu.

— Watakataa.

— Wakatae. Ila wakatae huku wanamtazama Fundi usoni.

Wote wakanitazama. Niliuona ukumbi wote unapita mbele yangu, kiti baada ya kiti, vyote vimevikwa na fundi mwingine.

— Wataniuliza nani katuambia, nilisema.

— Sema tumekumbuka wenyewe, alisema Wembe. Bado alikuwa amesimama. Hakurudi benchini tangu lile igizo lake. — Si uongo. Nimemwigiza miaka yote hii, halafu niseme sikujua?

— Na maneno ya kwenye kibati? Wakili aliuliza. Mimi nilikuwa nimeandaa: Taa ya elimu isiyozimika, nguzo ya...

— Nguzo hapana, alisema Pancha. Nguzo ndiyo tuliyomfanya.

Alikwenda kwenye beseni, akanawa mikono kwa sabuni, akajifuta, akarudi.

— Andika, Fundi.

Nilichukua chaki yangu ya kukatia nguo, na kwa kuwa karatasi haikuwepo karibu, nikapiga magoti nyuma ya kiti, kwenye kile kitambaa cha mfano.

— Andika: Kaa, Mwalimu.

— Haiwezekani! Wakili aling'aka. Mwanafunzi hamwambii mwalimu akae. Tunasimama, tunaamkia, yeye ndiye anasema kaeni.

— Kila siku alituambia, alisema Pancha. Sisi hatukumwambia hata mara moja.

Wakili akatafuta methali, akaishia kunishikia kiti kisisogee. Nikaandika. Mkono wangu si mzuri wa maandishi, na herufi za chaki zilitoka kubwa na nene, lakini zilisomeka mpaka kwa muuza kahawa aliyekuwa anakusanya vikombe.

— Na mwenye shule akisema darasani hakuna nafasi? nilimuuliza Pancha.

— Mwambie utasubiri apate.

— Nisubirie wapi?

— Hapo hapo mbele ya meza yake. Umesimama.